Torpido ya Mwalimu Haikunyooka

Mwalimu alitengeneza silaha za kupita chini ya maji kwa miaka thelathini, na hakujua kuogelea. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe alianza nalo. Siku ya kwanza alipokuja kwenye darasa letu la Kiswahili, katika chumba cha chini cha kanisa la Wakongo pale Langley Park, hapa Maryland, Marekani, alisimama mbele ya watoto kumi na wawili, akakohoa, akasema, "Watoto wapenzi, mimi ni fundi mstaafu wa torpido. Maji nayaogopa. Leo tutajifunza kwa nini chombo cha majini huzama." Watoto wakatazamana. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na mkoba wangu mapajani, nikajiambia moyoni, haya, tumekwisha.

Maana sisi wazazi tulitaka mtu wa kuwafundisha watoto shikamoo na marahaba, basi. Tulikuwa mchanganyiko: Wakenya, Wakongo, sisi wa Tanzania, na Mrundi mmoja. Watoto wetu wote walikuwa na ugonjwa mmoja. Unamsemesha mtoto Kiswahili, anakusikia vizuri tu, kisha anakujibu kwa Kiingereza bila hata kuinua macho kutoka kwenye simu. Wangu mimi, Rehema, alikuwa na miaka minane. Kiswahili chake chote kilikuwa "shikamoo bibi", halafu anairudisha simu kwangu kana kwamba inamuunguza.

Na hapo ndipo palipokuwa na shida yangu, tena si ndogo. Mama yangu yuko Tanga. Kila Jumapili nilimpigia, na kila Jumapili aliomba mjukuu wake. "Mtoto wako ananiogopa au ananidharau?" alikuwa akiniuliza. Moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua, mara alazwe, mara aruhusiwe. Siku moja akaniambia bila utani wowote, "Mwanangu, mimi nataka kumsikia huyu mtoto kabla sijaondoka. Si kuniamkia. Kumsikia." Nilikaa kwenye ngazi za jengo letu nikalia mpaka jirani akanitolea kiti. Kwa hiyo nilipompeleka Rehema kwa Mwalimu nilikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka hataki kusikia habari za torpido.

Jina lake nalijua, ila halikutumika. Hata Mchungaji, ambaye kila mtu kwake ni ndugu fulani au dada fulani, alimwita Mwalimu tu. Alikuwa Mmarekani mweusi, mrefu, mwenye nywele nyeupe zilizosimama kama zilivyosimama ujanani kwake, na shati limefungwa vifungo mpaka kooni. Kiswahili alikipata chuoni, enzi zile vijana weusi wa hapa walipokuwa wakiitafuta Afrika kwa bidii, na alikipata kwa vitabu na kanda za kaseti. Matokeo yake alizungumza Kiswahili kisicho na doa hata moja, ambacho hakuna mtu duniani anakizungumza. Mama Kevin, Mkenya wetu, mwanamke asiyechuja maneno, alitoka nje siku hiyo ya kwanza akinishika mkono. "Wueh! Huyu mzee anabonga kama taarifa ya habari. Nimengoja atuambie hali ya hewa."

Aliwahi kwenda Dar es Salaam mara moja, wiki mbili. Nilimuuliza aliionaje. Akafikiri kwa muda, maana alikuwa mtu wa kufikiri kwanza, akasema, "Mji mzuri sana, Mama Rehema. Lakini watu wengi pale hawasemi Kiswahili sawasawa." Nilimtazama nikidhani anatania. Wapi!

Sasa, namna yake ya kufundisha. Mwalimu hakuwa na ubao wala daftari la msamiati. Alikuwa na meza, mabomba ya bati, pampu ya baiskeli, na makopo ya mabiskuti yaliyojaa skrubu. Sheria yake ilikuwa moja: mikono yake ilitii Kiswahili tu. Alishika bisibisi, akasimama, akangoja aamriwe. Usipomwamrisha, hafanyi kitu.

"Kaza!" mtoto anasema.

"Nikaze nini?"

"Hiyo."

"Hiyo ndiyo nini?"

"Hiyo skrubu!"

"Ya wapi?"

"Ya... ya mkia!"

"Asante," anasema Mwalimu, na anakaza skrubu ya mkia, nusu mzunguko, kisha anasimama tena kama sanamu. Siku moja aliinua tangi la hewa juu ya meza, na watoto wote wakasahau neno la kumwambia aliweke chini. Alikaa nalo hivyo, mikono inatetemeka, jasho linamtoka, na watoto wanaruka ruka wanatafuta neno. Nilitaka kuwapigia kelele watoto wamwokoe. Akanikatalia kwa macho. Rehema wangu, mtoto asiyesema, ndiye aliyepasuka: "Shusha! Mwalimu, shusha!" Likashuka. Nami nikanyamaza kidogo siku hiyo kuhusu torpido.

Alama zake zilikuwa taabu tupu. Kila mtoto aliandika sentensi mbili kila Jumamosi, naye akazisahihisha kwa kalamu nyekundu, juu ya kumi, na alama ikishaandikwa imeandikwa. Mama Kevin alimwomba, akambembeleza, akamletea hadi chapati, Kevin aongezwe nukta moja tu ajisikie vizuri. Mwalimu alizila chapati kwa shukrani nyingi. Nne ya Kevin ilibaki nne.

Lengo lilikuwa kuunda torpido ndogo, urefu wa mkono wangu, lakini kwa kufuata historia. Hukuruhusiwa kuruka hatua. Mwaka wa kwanza tuliunda ile ya kale kabisa, ambayo haikuwa chochote ila kopo lililofungwa kwenye ncha ya ufito, mbele ya mashua ya ubao. "Wale wa zamani," Mwalimu akawaeleza, "walitia baruti kwenye ncha ya mti mrefu, wakapiga makasia usiku mpaka ubavuni mwa meli ya adui, wakaigonga."

"Halafu?" Kevin akauliza.

"Halafu meli ikazama."

"Na wao?"

"Na wao pia, mara nyingi."

Watoto walicheka mpaka wakashika matumbo. Mwalimu aliwangoja wamalize, akasema kwa huzuni ya kweli kwamba ndiyo maana ikabidi mtu afikirie chombo kitakachokwenda chenyewe, watu wabaki nyumbani.

Aliipenda sana sehemu hiyo. Alikuwa na habari za Mwingereza mmoja mwenye karakana kwenye pwani ya Austria, enzi ilipokuwa bado na pwani, zaidi ya miaka mia na hamsini iliyopita, aliyeletewa wazo na mwanajeshi mstaafu, akalitupa karibu lote, akabaki na samaki wa chuma anayesukumwa na hewa iliyoshindiliwa. Kwanza samaki huyo alizama. Kisha akaruka juu. Kisha akazama tena. Mpaka walipomtia kifaa cha kupima uzito wa maji pamoja na timazi inayoning'inia, akajua kina chake, na kifaa hicho walikiita Siri tu, wakakiuza kama siri. Mwalimu alipofika hapo alikuwa akinong'ona, na watoto wakanyamaza, na hata mimi, jamani, nikajikuta nimeinama mbele nisikie.

Usidhani alipenda vita. Buibui akionekana darasani, somo lilisimama, kikombe kikaletwa, buibui akatolewa nje kwa adabu. Kichwa cha torpido yetu, pale pa kuwekwa baruti, alipajaza sponji ya kuoshea vyombo. Nilimuuliza siku moja mtu kama yeye aliwezaje kutengeneza vitu vya kuzamisha meli. Akasema, "Nilitengeneza vitu vya kwenda moja kwa moja, Mama Rehema. Nilijaribu kutofikiria vinakokwenda." Baadaye akaongeza kwamba alijaribu, lakini hakufaulu sana.

Mara moja alitupeleka Alexandria, si ile ya Misri, hii yetu ya upande wa pili wa mto, kwenye jengo lililokuwa kiwanda cha torpido na sasa limejaa wachoraji na wafinyanzi. Msichana wa kutembeza wageni alieleza kwa Kiingereza. Mwalimu akasimama pembeni yake akatafsiri kila neno kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, kwa watoto ambao Kiingereza wanakijua kuliko Kiswahili. Msichana akawa anamngoja amalize, akidhani watoto ni wageni wametoka kushuka kwenye ndege. Alipofika mwisho akawasogelea akawauliza polepole sana, neno moja moja, kama wamefurahi. Kevin akamjibu kwa Kiingereza cha Maryland kwamba ndiyo, ila ana njaa. Msichana wa watu aliona haya mpaka nikamhurumia.

Na uchoyo wake. Lazima niuseme, ulitukera wote. Nimesema makopo yake ya mabiskuti yalijaa skrubu. Kila mzazi alishawahi kufungua moja kwa tamaa akakuta spana. Lakini lilikuwapo kopo moja la buluu alilolibeba kwenye mfuko wake mwenyewe, na hilo hakuruhusu mtu aliguse. "Hilo," alisema, "lina mabiskuti kweli." Wala hakutugawia hata moja. Miaka! Mama Kevin alisema mtu anayekula chapati za watu na kuficha mabiskuti yake ana la kujibu siku ya mwisho.

Basi, tuje kwenye ubatizo.

Ilikuwa mwaka wa pili, torpido ina hewa na ina Siri, na tulikwenda kuijaribu kwenye ziwa la bustani ya kaunti. Mwalimu alivaa boya la kujiokolea, amesimama kwenye nyasi kavu, hatua nane kutoka kwenye maji. Rehema ndiye aliyepewa kutoa amri. "Achia!" akasema, Mwalimu akavuta kamba ndefu ya kuachia valvu ya hewa, na kitu kikaondoka, brrrr, kikiacha mstari wa mapovu. Tulipiga makofi. Kisha mstari ukaanza kupinda kushoto. Ukapinda zaidi. Torpido bila kifaa cha kuishikia njia haijui mbele ni wapi, Mwalimu alikuwa ameshatuambia, na hata zile za zamani ziliwahi kugeuka na kuwarudia wenyewe. Yetu ilizunguka nusu ya ziwa, ikapita nyuma ya matete, ikaelekea upande ambao hatukuwa tumeuangalia vizuri.

Upande huo alikuwapo Mchungaji wetu, ndani ya maji mpaka kiunoni, na kanzu nyeupe, amemshika mzee mmoja wa watu kwa ajili ya kumbatiza. Kwaya nzima iko ukingoni. Alimzamisha mzee, na wakati uleule torpido ikampiga Mchungaji nyuma ya goti.

"Yesu wangu!" akapiga kelele. "Kuko kitu! Kuko kitu ndani ya maji, imenipiga kwa muguu!"

Kwaya, badala ya kukimbia, wakapandisha wimbo. Mzee aliyekuwa anabatizwa akaibuka peke yake, akaona kitu cha bati kinazunguka kwenye kanzu ya Mchungaji kikitoa mapovu, akarudi chini mwenyewe. Mwalimu alikimbia kando ya ziwa na boya lake, akafika, akasimama ukingoni asiweze kuingia.

"Mwalimu," Mchungaji akamuuliza, ameiinua kwa mkia, "hii kitu ni ya wewe?"

"Ni yangu, Mchungaji. Naomba radhi. Ilipaswa kwenda moja kwa moja."

Mchungaji akaitazama ile sponji. Akamtazama mzee wake aliyebatizwa mara mbili. Akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, na kwaya wakacheka, na mimi nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye matope na nguo zangu za kutokea.

Sasa nieleze kilichotokea kesho yake, Jumapili, nilipompigia Mama. Rehema alikuwa anapita tu kwenda jikoni. Akasimama. Akaniambia, "Mom, can I...", halafu akaichukua simu mwenyewe. "Bibi, shikamoo. Bibi, jana... jana torpido ilipiga Mchungaji!" Na akaendelea. Aliyasema yote. Hewa iliyoshindiliwa, valvu, timazi, kanzu, goti. Palipokosekana neno alichukua la Mwalimu, hivyo mtoto akawa anamwambia bibi yake "chombo kilikengeuka" kama mtangazaji. Mama alicheka mpaka akakohoa, nami nikaogopa kwa ajili ya moyo wake, na kila nikinyoosha mkono kuichukua simu Mama ananifokea kutoka Tanga nimwache mtoto aseme. Waliongea dakika arobaini. Niliosha sahani moja muda wote huo.

Tangu siku hiyo Jumapili zikawa zao. Mama hakuuliza tena habari za shule wala za baridi. "Enhe, mke mwenzangu," alimwambia, kwa utani wa bibi na mjukuu, "hilo dude lenu limenyooka?"

"Bado, Bibi. Jana limekwenda kulia."

"Kulia tena! Na huyo Mwalimu anasemaje?"

Akaeleza anasemaje. Bibi akahoji. Mtoto akatetea. Ndani ya mwaka mmoja Rehema alikuwa anagombana na bibi yake kwa Kiswahili, na ukiweza kugombana kwa lugha umeshaijua. Na Mama, akilazwa, akitoka, akawa na jambo lake la kuwaambia wauguzi. Siku moja, ametoka hospitali hana sauti, nilimsikia akimwambia Rehema, "Usiwe na wasiwasi. Mimi siondoki duniani mpaka hilo dude linyooke." Nikacheka. Rehema hakucheka, lakini sikuliangalia hilo sana, nilikuwa nawahi basi.

Kilichofuata ndicho ninachojutia. Kwa kufuata historia, hatua iliyobaki ilikuwa moja: pia. Pia hii hii wanayochezea watoto, ila ya chuma, inayozunguka kwa kasi ndani ya pete zake na kukataa kugeuka, hivyo torpido ikipinda, pia inausukuma usukani uirudishe. Mwalimu alituahidi pia hiyo mwaka wa tatu. Mwaka wa tatu ukapita. Wa nne ukapita. Kila majira ya joto tulikwenda ziwani, na kila mara kile kitu kikapinda, kikakwama kwenye matete, kikawatisha mabata. Kevin, sasa ana sauti nzito, akauliza, "Mwalimu, pia iko wapi?" Mwalimu akasema, "Wale wa kwanza walihangaika miaka mingi. Sisi tuna haraka ya nini?" Watoto wengine wakaanza kuacha kuja.

Mimi mdomo wangu haunisikilizi. Siku ya mkutano wa wazazi nilisimama mbele ya wote nikasema, "Mwalimu, tunakuheshimu. Lakini kama imekushinda, si useme imekushinda, watoto wajue moja!"

Huyu ni mtu ambaye kazi yake maisha yote ilikuwa kunyoosha vitu hivyo hivyo. Mtu asiyekubali kusema saa tatu kama ni saa tatu na dakika nne. Alifunga kifungo cha juu cha shati, ambacho tayari kilikuwa kimefungwa. "Ndiyo, Mama Rehema," akasema. "Imenishinda." Mama Kevin akanifinya. Nikakaa, na kwa kweli nilijiona nimesema la haki.

Majira ya kuchipua mwaka huu binti yake akaja kumchukua ahamie kwake Atlanta. Amefika miaka themanini, magoti yamekataa. Nilikwenda na Rehema, ambaye sasa ana kumi na tano, kumsaidia kufunga vitu katika nyumba yake ndogo ya matofali. Mimi ni mlezi wa wazee kwa kazi, nyumba za namna hiyo najua zinavyofungwa. Rehema alikuwa nje anapanga maboksi na binti wa Mwalimu. Mwalimu amekaa kwenye kiti akinielekeza kwa vipimo. Nikaliona lile kopo la buluu juu ya rafu.

"Leo, Mwalimu," nikamwambia, "leo mabiskuti yako tunakula."

"Mama Rehema, hilo tafadhali..."

Nilishalifungua. Hapakuwa na biskuti. Palikuwa na pia. Gurudumu dogo la chuma ndani ya pete mbili, limesuguliwa linang'aa, na waya zake, na mkono wake wa kusukumia usukani, limekamilika. Nililigusa kwa kidole, likazunguka bila sauti, likaendelea kuzunguka. Chini yake kulikuwa na karatasi ya daftari, imekunjwa, imekuwa njano. Nikaujua mwandiko kabla sijasoma. *Mwalimu tafadhali usinyooshe torpido. Ikinyooka bibi yangu atakufa.*

Sentensi mbili. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, aliandika: *Haijathibitishwa.* Na chini yake: *Tusijaribu.* Alama hakuweka.

Nilikaa juu ya boksi la vitabu.

"Alinipa baada ya darasa," Mwalimu akasema. "Alikuwa analia. Pia ilikuwa tayari tangu wiki hiyo."

"Na wewe uliamini?"

"La. Hapana." Akatafuta neno. "Lakini kukosea kwangu kungemgharimu mtu mwingine."

"Ulisema imekushinda, Mwalimu. Mbele ya watu. Mimi nilikufanya useme."

"Ilibidi niseme kitu," akajibu. "Nawe ulikuwa umesimama."

Nililia pale, nikimwomba msamaha, nikimkasirikia pia, maana kwa nini hakuniambia mimi mama mtu! Akasema mtoto alimwomba asimwambie mtu. Akanisubiri nipange uso, kisha akaeleza jambo lake. Alikuwa anaondoka. Hakupenda kukiacha chombo kile kilema. Alitaka kukiona kikinyooka mara moja tu. Lakini hakuwa tayari kukigusa mpaka bibi mwenyewe aruhusu.

Tukamwita Rehema. Akaiona karatasi mkononi mwangu, akasimama mlangoni, na msichana yule mrefu akawa na miaka tisa mbele ya macho yangu. Tukampigia Mama kwa video. Rehema ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo. "Bibi, ulisema huondoki mpaka inyooke. Unakumbuka?"

Mama akakunja uso. "Mimi nilisema hivyo?"

"Ulisema, Bibi."

"Lini? Mwanangu, mimi nasema mengi!" Akaeleweshwa. Miaka yote hiyo, pia, kopo, karatasi. Akajipangusa macho kwa upande wa kanga, akasema, "Basi nyoosheni. Nami nataka kuliona. Ila ngojeni kwanza niletewe uji wangu."

Tulikwenda ziwani saa ile ile, Mama yuko kwenye simu. Mwalimu akavaa boya. Binti yake alimshikilia mkono mmoja, naye kwa mara ya kwanza akapita ukingo, viatu vikagusa maji. Akaitia torpido pia yake, akaifunga, akaizungusha, akainama na kidole kwenye valvu. Kisha akangoja.

Mikono yake ilitii Kiswahili tu. Na amri ilikuwa ya Rehema, tangu zamani.

Rehema hakuisema. Alisimama na simu mbele ya uso wake, Mwalimu akionekana nyuma ya bega lake, anamtazama bibi yake, midomo imebana. Mkono wa Mwalimu ukaanza kutetemeka. Binti yake akamwambia kwa Kiingereza, baba, achia tu basi. Hakuachia. Nilitaka kuisema mimi. Akanikatalia kwa macho, vilevile kama zamani.

"Sema basi, mke mwenzangu," Mama akasema kutoka Tanga, kijiko mkononi. "Mkono wa mzee wa watu unatetemeka."

"Naogopa, Bibi."

"Najua. Sema."

"Achia," Rehema akasema.

Ikaondoka. Mstari wa mapovu ukatoka kwenye viatu vya Mwalimu, na nilingoja upinde, macho yangu yamezoea kuufuata ukipinda. Haukupinda. Ulipita katikati ya mabata, ukapita pale Mchungaji aliposimama siku ile ya ubatizo, ukavuka ziwa lote, ukaingia kwenye matete ya ng'ambo mahali hasa Mwalimu alipokuwa ameelekeza kidole. Hakuna aliyepiga makofi. Rehema alikuwa amejigeuza na simu, hatazami hata ziwa.

"Bibi?"

Picha ilikuwa imeganda, kijiko kiko juu.

"Bibi!"

"Nipo, nipo," Mama akasema, picha ikarudi. "Unanipigia kelele ya nini? Nakunywa uji. Mbona umegeuza simu, mimi sikuona kitu! Limefika?"

"Limefika, Bibi," akasema Rehema, na kilio kilichokaa miaka sita kikamtoka, akanikumbatia kwa nguvu na simu ikabanwa katikati yetu, Mama anauliza humo ndani mbona giza.

Mwalimu alikuwa ameomba ile karatasi. Aliiweka juu ya boya lake, akatoa kalamu nyekundu mfukoni. Akalikata neno *atakufa*. Akaandika: *Si kweli.* Halafu, baada ya kufikiri, akaweka alama na kumkabidhi Rehema.

"Sita?" Rehema akasema, machozi bado yanamtoka. "Mwalimu! Six?"

"Mwandiko ni mzuri," Mwalimu akasema. "Lakini kuna kosa la msingi."

"Amepata ngapi?" Mama akauliza.

"Sita, Bibi. Juu ya kumi."

"Sita! Mtoto amenilinda miaka yote hiyo, apewe sita? Hebu nipe huyo Mwalimu."

Mwalimu akavua kofia, akaishika simu kwa mikono miwili. "Shikamoo, Bibi," akasema. Nilichosikia baada ya hapo ni upande wake tu: "Naam, Bibi. Ndiyo, Bibi. Nakubali, Bibi." Akanirudishia simu. Akaichukua karatasi tena, akaitazama kwa muda, mtu ambaye hakuwahi kubadilisha alama hata kwa chapati. Sita ukiiongezea mkunjo mmoja juu, inakuwa nane. Akauongeza.